Jaji wa Nne

Kinyozi huyu jina lake la kuzaliwa analijua mkewe, na karani aliyemwandikia leseni ya biashara. Sisi wengine tulimwita Jaji wa Nne, na jina hilo alijipa mwenyewe. Pambano la ngumi lina majaji watatu wanaokaa pembeni mwa ulingo na kuandika pointi. Yeye alikuwa wa nne, kutoka kibandani kwake, na kwa maelezo yake ndiye pekee kati yao asiyevaa miwani ya mbao.

Lazima nikieleze kibanda hicho vizuri, maana balaa lote limetoka humo. Chumba kimoja, mlango ubavuni. Ukuta wa mbele wote ni kioo, na chini ya kioo rafu yenye mashine, wembe, poda na chupa ya spiriti. Viti viwili vya kuzunguka, kimoja hakizunguki. Ukuta wa nyuma una benchi la wateja, na juu ya benchi, karibu na dari, televisheni. Imewekwa huko kwa sababu ndiko soketi iliko. Basi humo ndani hakuna mtu aliyeangalia televisheni yenyewe. Kinyozi anatazama kioo, aliyeko kitini anatazama kioo, na walioko benchini wana televisheni juu ya visogo vyao, kwa hiyo nao wanatazama kioo. Mgeni akigeuza shingo kuangalia juu, wenyeji walimcheka. Unajivunja shingo ya nini, bwana, na kioo hicho hapo?

Fundi viatu tu, aliyepanga meza yake nje ya mlango, ndiye aliyeinua macho akaiona televisheni ana kwa ana. Lakini fundi viatu nani alimsikiliza?

Miaka ishirini kioo hakikumletea mtu taabu. Bondia mmoja bukta nyekundu, mwingine nyeupe, ukiwaona kinyumenyume wana tofauti gani? Ngumi ni ngumi.

Sasa, Jaji alikuwa na mpwa. Dada yake alifariki mtoto akiwa na miaka sita, na mjomba akamchukua akamlea kama wake. Akitoka shule alikaa kwenye benchi lile akifanya hesabu zake, na pambano likianza hesabu ziliwekwa kando. Mjomba alimfundisha kuandika pointi nyuma ya karatasi za kalenda, kumi kwa tisa, raundi baada ya raundi. "Usifuate kelele za watu," alimwambia. "Fuata ngumi iliyofika." Binti akiwa na miaka kumi aliweza kubishana na wanaume wenye ndevu, na mjomba akacheka mpaka mashine ikamtetemeka mkononi.

Binti akakua, akasomea utangazaji, akapata kazi kwenye kituo cha redio na televisheni cha mjini. Walimpa matangazo ya vifo na hali ya hewa. Mwaka mzima akasoma marehemu na mvua. Mwishowe bosi akamwambia: nakupa mapambano matatu ya uzito wa juu uyatangaze, la tatu likipita salama utahamia michezo moja kwa moja. Mwanamke kutangaza ngumi! Mtaa mzima ulilisema. Pambano la kwanza likapita, la pili likapita. La tatu likawa la mkanda wenyewe, kati ya mabondia wawili waliojulikana kwa majina ya utani, Gogo na Nyundo, huko nje ya nchi. Kwetu likaangukia Jumapili saa nne asubuhi.

Kibanda kilijaa mpaka watu wakakalia ndoo. Kitini alikaa mwalimu mstaafu, mtu wa kubishana tangu ujana wake. Ndipo mabondia wakapanda ulingoni, na jamani, wote wawili vipara, wote ndevu, wote bukta nyeusi. Na televisheni ile rangi zake zilishachoka, kila kitu kijani kama maji ya mtaro.

Sauti ya binti ikasema: "Watazamaji na wasikilizaji, msihangaike. Gogo ni mashoto. Anatanguliza mkono wa kulia na mguu wa kulia, ule wa kushoto anauweka nyuma, ndio wa kuvunjia. Nyundo anatanguliza kushoto kama watu wengi. Shikeni hilo, hamtapotea."

"Mmesikia?" Jaji akawauliza wote kwenye kioo. "Mnadhani kafundishwa na nani huyo?"

Akalishika. Raundi ya pili, yule anayetanguliza mkono wa kushoto akaanza kumpondaponda mwenzake, na binti akapaza sauti: "Gogo! Gogo tena! Nyundo hana majibu!"

Mashine ikasimama katikati ya kichwa cha mwalimu. "Gogo gani? Anayepiga ni Nyundo! Si huyo katanguliza kushoto?"

Wote wakakodolea kioo. Kweli, katanguliza kushoto.

"Mbona binti anasema sawa tu?" fundi viatu akauliza kutoka mlangoni.

"Wewe shughulika na soli zako," Jaji akamjibu, na watu wakacheka.

Ikawa hivyo raundi hadi raundi. Binti akisema Gogo, kibanda kizima kinapiga kelele Nyundo. Raundi ya tano mashoto alibanwa kwenye kamba, na Jaji akahesabu kwa sauti ngumi zilizomfika, watu wakimwitikia, moja hadi kumi na moja. Binti kwenye televisheni anashangilia kwamba mashoto ndiye anayezitoa. "Huyu mtoto vipi leo?" mwalimu akauliza, nusu kichwa kimenyolewa na nusu bado.  Uso wa Jaji ulikuwa umeshaanza kukunjamana.

Raundi ya kumi na mbili umeme ukakatika. Wakafungua redio ya simu, sauti ileile ya binti, wakasikia hukumu: majaji wote watatu wamempa Gogo.

Hapo kibanda kililipuka. Wizi mtupu! Mchana kweupe! Mwalimu akasubiri kelele zitulie, kisha akachokonoa, maana ndiyo kazi yake. "Sasa Jaji, hao watatu tunajua wamelambishwa asali. Na mpwa wako naye? Au mpwa hana makosa?"

Watu wakacheka. Na Jaji, mtu ambaye angeweza kucheka nao mambo yakaisha, akavimba. "Haki haina mpwa," akasema. Akaipenda sentensi hiyo. Akairudia mara mbili.

Jumatatu asubuhi kituo kilikuwa na kipindi cha wasikilizaji kupiga simu, na binti aliketi studio pamoja na mwendesha kipindi. Jaji akapiga. Aliiweka simu kwenye spika ili benchi lisikie.

"Mimi ni mjomba wake huyo mtangazaji," akaanza. "Nimemlea mimi. Ngumi nimemfundisha mimi, hapahapa kibandani. Kwa hiyo msiseme nina chuki. Binti alichanganya majina tangu raundi ya pili mpaka mwisho. Raundi ya tano yule mashoto kala ngumi kumi na moja, nimezihesabu, na yeye anatwambia mashoto ndiye aliyepiga! Mtu asiyejua nani anapiga na nani anapigwa arudi akasome matangazo ya vifo. Haki haina mpwa."

Benchi likapiga makofi.  Kisha binti akasema, kwa adabu ileile aliyofundishwa nyumbani: "Asante, Mjomba. Tumekusikia."

Baada ya hapo simu zikamiminika. Mwanamke na ngumi wapi na wapi, arudi jikoni, mjomba wake mwenyewe kamkana. Waliojua kwamba alitangaza sawasawa hawakupiga. Mtu aliyeridhika hapotezi salio lake. Na bosi wa kituo hajui ngumi, anajua simu. Jumatano akamrudisha binti kwenye vifo na hali ya hewa. "Kama mjomba wako anasema hujui," alimwambia, "mimi ni nani nibishe?"

Mke wa Jaji ndiye aliyeleta habari hiyo, wakiwa mezani. "Umefurahi?" akamuuliza mumewe.

"Nimesema kweli."

"Sikukuuliza kama umesema kweli."

Alhamisi mchana kituo kikarudia pambano. Kibandani hakukuwa na mteja. Jaji akawasha televisheni kwa makusudi, kalamu mkononi, akusanye ushahidi wa kumwonyesha mkewe. Miguu ilimuuma, akakaa kwenye kiti chake mwenyewe, kile kinachozunguka, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Na kwa kuwa hakuwa na kichwa cha mtu mbele yake, hakuwa na sababu ya kutazama kioo. Akasukuma sakafu kwa mguu, kiti kikageuka, akaitazama televisheni.

Yule anayepiga alikuwa ametanguliza mkono wa kulia.

Akadhani kachelewa, labda ni raundi nyingine. Akageukia kioo: kushoto. Akageukia televisheni: kulia. Kioo, kushoto. Televisheni, kulia. Raundi ya tano ikaanza, akazihesabu tena. Kumi na moja. Zote za mashoto, moja baada ya nyingine, na sauti ya binti juu yake ikizitaja bila kukosea hata moja.

"Unafanyia nini hicho kiti?" fundi viatu akauliza. "Utatapika."

"Nakipima tu kama kinahitaji grisi," Jaji akasema, akainuka haraka akazima televisheni.

 Mtu huyu miaka yote kazi yake ni kioo! Mteja akisema punguza upande wa kushoto, mkono wake unakwenda kushoto wenyewe, bila kuwaza, ijapokuwa kwa mtu wa kiooni upande huo ni wa kulia. Mkono ulijua. Mdomo ndio haukujua, na waliosema mdomo uliponza kichwa walijua wanachosema, ila hapa kichwa kilichoponzwa si chake. Kilikuwa cha mtoto wa marehemu dada yake.

Sasa ningependa kukuambieni kwamba alikimbia saa ileile kwenda kukiri. Thubutu! Siku mbili aliificha siri hiyo. Alijiambia kwamba hakuna anayejua. Alijiambia bosi angeweza kumrudisha binti kwenye vifo hata bila simu yake. Ijumaa mwalimu alikuja kunyolewa ndevu, kachangamka: "Jaji, nimewaeleza wenzangu kule ninakocheza bao, nimewaambia habari ya zile kumi na moja. Wote wamekukubali. Wanasema wewe ndiye ungekaa pale ulingoni." Jaji akaguna tu. Akataka ardhi ipasuke. Alimkata mwalimu kidogo chini ya kidevu, yeye ambaye hajamkata mtu miaka mitano, akamwaga spiriti nyingi mpaka mzee akaruka.

"Kinyozi hajinyoi, akijinyoa hujikata," fundi viatu akatania kutoka mlangoni. "Huyu naona kaanza kukata na wengine."

Watu wakacheka. Jaji alihisi fundi viatu anajua kila kitu, kumbe hajui lolote. Mwenye kosa husikia jina lake hata jogoo akiwika.

Jumamosi jioni akaenda chumbani kwa mpwa wake. Chumba cha kupanga, kitanda, meza, pazia la maua. Binti alikuwa mezani na karatasi, anajizoeza kwa sauti ya chini majina ya watu asiowajua, kila jina mara tatu, asije akaikosea familia ya mtu. Alisimama akamwamkia.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu." 

Akakalia ukingo wa kitanda. Akasifia pazia. Akauliza kama paa linavuja. Binti akamjibu yote, kisha akaiweka kalamu chini na kuuliza, taratibu kabisa: "Mjomba, televisheni bado iko palepale juu ya benchi?"

Jaji akainamisha kichwa. 

"Umejua lini?" akauliza mwishowe.

"Palepale ulipopiga simu. Uliposema kumi na moja. Nami nilihesabu kumi na moja. Nikasema, mjomba hajapoteza hesabu, ila mtu tu ndiye siye. Halafu nikakumbuka nilivyokuwa nikisoma maandishi ya televisheni kinyumenyume pale benchini. Nilikuwa naweza kusoma vizuri tu, unakumbuka? Ulikuwa ukitamba nami kwa wateja."

"Na hukusema! Ulikuwa na maikrofoni mbele yako, mama. Neno moja tu. Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba mjomba wangu anatoa hukumu za ngumi kwenye kioo? Mji mzima ulikuwa unasikiliza. Nilisikia makofi ya benchi, Mjomba. Nilijua uko mbele ya watu wako." Akazipangapanga karatasi zake. "Ningekuvua nguo mbele yao."

Yeye alimvua binti mbele ya mji mzima, na binti akazishika nguo za mjomba zisimwanguke. Jaji alilia. Hakulia kwa sauti, lakini alilia, mtu mzima, kwenye kitanda cha mtoto aliyemfunga kamba za viatu. Binti akampa kitambaa, akatazama pembeni mpaka amalize.

Jumatatu akapiga simu tena. Safari hii alisubiri kibanda kijae, kwa makusudi, akaiweka simu kwenye spika kama mwanzo.  "Ni yule mjomba," akasema. "Nilichosema wiki iliyopita ni uongo. Si uongo wa kukusudia, lakini ni uongo. Niliangalia pambano kwenye kioo cha kunyolea. Kioo kinageuza kushoto kikawa kulia. Mtangazaji alikuwa sawa tangu kengele ya kwanza mpaka ya mwisho. Majaji nao walikuwa sawa. Aliyekosea ni mimi peke yangu, na nilimtukana mtoto wangu hadharani kwa kosa langu. Naomba radhi kwake, na naomba arudishwe kazi yake."

Mwendesha kipindi alicheka mpaka akakohoa. Akamwomba arudie kwa faida ya waliofungulia redio sasa hivi. Jaji akarudia, neno kwa neno. Mwalimu mstaafu akawa anatazama kioo, kisha akageuza shingo yake ya uzee kuitazama televisheni juu ya kisogo chake, kisha kioo tena. "Mungu wangu," akasema, "na mimi nimewaambia watu wote wa bao!"

Ndipo kicheko kikaanza, na hakijaisha mpaka leo. Jina la Jaji limekufa. Sasa anaitwa Kioo. Watoto wakipita wanatembea kinyumenyume mbele ya mlango wake. Fundi viatu alipoombwa msamaha alisema hana kinyongo, ila kuanzia sasa yeye na soli zake ndio majaji wa mtaa. Televisheni imehamishwa, iko pembeni mwa kioo, na waya wake mrefu umevuka dari nzima.

Laiti ingekuwa aibu yake tu, ningesema ni haki yake na hadithi imekwisha. Lakini nafasi ile ya michezo bosi alishampa kijana mmoja mwenye sauti kama spika ya mnada, anayeita kila konde kombora, hata lisilomgusa mtu. Alimwambia binti kwamba amesikia simu ya pili, amecheka sana, na nafasi nyingine ikitokea watamfikiria. Haijatokea. Huu ni mwezi wa tisa.

Jumapili zenye pambano binti huja kibandani kukaa benchini. Watu wanamuuliza raundi imekwenda kwa nani, naye anawaambia.  Mjomba ananyoa tu, na ukimuuliza yeye kampa nani, anakuelekeza kwa kidevu upande wa benchi.

Na kila siku saa saba mchana, hata awe na mteja anayekimbilia harusi, anazima mashine. Wageni hudhani umeme umekatika. Anafungua redio, anasimama na brashi mkononi, na binti anaanza kusoma: marehemu, mume wa fulani, baba wa fulani, mazishi saa ngapi na wapi. Juzi marehemu walikuwa kumi na wawili, na majina ya watoto na wajukuu zao wote. Mjomba aliwafuata mmoja mmoja mpaka mwisho, midomo ikichezacheza. Binti hakukosea jina hata moja.